Mkono Usiotulia wa Kevin Shields

Usiku wa Jumamosi, tarehe 2 Februari 2013, tovuti ya bendi ya My Bloody Valentine ilizidiwa na watu, ikakatika. Siku hiyohiyo bendi ilikuwa imetangaza kwamba albamu yao mpya, m b v, ingepatikana humo, wakiitoa wenyewe bila lebo kubwa nyuma yao. Wapenzi wa muziki wao walibofya, wakapata ujumbe wa hitilafu, wakabofya tena, na wengine wakakesha. Albamu iliyotangulia, Loveless, ilikuwa imetoka Novemba 1991. Aliyeinunua akiwa mwanafunzi wa sekondari huenda sasa alikuwa na mtoto wa umri uleule.

Miaka ishirini na moja na ushei ni muda mrefu kumngojea mwanamuziki yeyote. Wengi husema watu walikuwa wakingojea bendi. Mimi naona walikuwa wakingojea mkono mmoja, wa kulia, wa Kevin Shields, mpiga gitaa wao.

Magitaa ya Fender aina ya Jazzmaster na Jaguar yana kijiti cha chuma kilichochomekwa kwenye bamba linaloshikilia nyuzi. Ukikibonyeza, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukikivuta juu, zinakaza na sauti inapanda. Wapigaji wengi hukigusa mara moja mwishoni mwa noti ili kuipamba, kisha wanakiacha kining'inie. Shields, tangu alipoazima Jazzmaster mwaka 1988 akaanza kuchezea kijiti chake, hakukiacha tena. Hukishika ndani ya kiganja cha mkono uleule unaocharaza, kwa hiyo kila mkono unapokwenda chini na juu, kijiti nacho kinakwenda nao. Anayemtazama jukwaani huona kifundo cha mkono kikiyumba taratibu, bila haraka wala madoido. Sauti inayotoka inapinda muda wote, kama kanda ya kaseti iliyosahauliwa juani kwenye dashibodi ya gari, halafu inanyooka kidogo, halafu inapinda tena.

Kazi yenyewe imo katika kiasi. Ukisukuma zaidi ya inavyotakiwa, wimbo unageuka kichefuchefu. Ukisukuma kidogo mno, linabaki gitaa la kawaida lililokosewa kutyuniwa. Tena nyuzi hazilegei kwa kiwango kimoja: uzi mnene na uzi mwembamba hushuka kila mmoja kwa namna yake. Shields huzityuni nyuzi zake kwa mipangilio isiyo ya kawaida, akiziacha baadhi zikaribiane sauti, hivyo kijiti kinaposogea nyuzi hizo zinasuguana. Masikio yanasikia magitaa kumi na mawili pale ambapo pengine kuna moja au mawili. Na yote haya inabidi yafanyike bila mapigo kuyumba, dakika tano mfululizo, mkono mmoja ukifanya kazi mbili ambazo kwa kawaida hufanywa kwa zamu.

Ndiyo maana huwa nasikitika ninaposikia watu wakisema muziki huu ni wa mitambo. Shields amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba magitaa yaliyorekodiwa katika Loveless ni machache kuliko watu wanavyodhani. Mtambo wa kutegemewa ulikuwa wa mwangwi uliogeuzwa: badala ya mwangwi kufifia baada ya noti, unavimba kisha unakatika. Yamaha walikuwa na mtambo wa kawaida tu wa studio, SPX90, wenye mwangwi wa aina hiyo ndani yake, na yeyote mwenye fedha angeweza kuununua. Walionunua ni wengi. Sauti ile waliipata wachache mno, kwa sababu mtambo hauwezi kujua lini mkono uzidishe na lini upunguze.

Sauti za waimbaji nazo zina ufundi wake. Bilinda Butcher na Shields huimba kwa upole, sauti zao zikiwekwa chini sana katika mchanganyiko, karibu zizame ndani ya gitaa. Maneno hayashikiki vizuri, na kila msikilizaji ana mashairi yake anayoapa kwamba ndiyo yanayoimbwa. Walipokuwa wakirekodi Loveless, kazi iliyochukua takriban miaka miwili na kuwapitisha katika studio nyingi za London, wawili hao walitundika mapazia kwenye kioo kinachotenganisha chumba cha kuimbia na chumba cha mafundi. Mafundi hawakuruhusiwa hata kusikiliza. Walikodolea macho mishale ya mashine ya kurekodia: mishale ikicheza, wanajua kuna mtu anaimba, ikilala, wanasimamisha mkanda na kuurudisha mwanzo. Wakipatia, pazia linafunguliwa na mkono unapungwa. Butcher mara nyingi aliamshwa usingizini ili aimbe, na usingizi huo unasikika. Mtu anayeimba akijua hakuna anayemsikia haimbi kama aliye mbele ya watu. Nadhani pazia lile liliifaa albamu kuliko mtambo wowote uliokuwamo studioni.

Yaliyofuata baada ya 1991 yamesimuliwa mara nyingi. Lebo yao, Creation, iliachana nao. Wakasaini na Island, wakajenga studio kusini mwa London, mambo yakakwama, na kufikia mwisho wa muongo huo bendi ilikuwa imesambaratika. Walirudi jukwaani 2008, wakigawa viziba masikio mlangoni, na kazi iliyoanzwa miaka ya tisini ikafufuliwa. Turudi kwenye m b v.

Waliofanikiwa kuipakua usiku ule waligawanyika haraka. Wapo waliofurahi tangu sekunde za kwanza, kwa sababu wimbo wa kwanza, "she found now", unaanza kana kwamba Loveless iliisha jana: gitaa lilelile lililopinda, sauti ya Shields ikinong'ona chini yake, ngoma kama hazipo. Wapo waliolalamika kwa sababu hiyohiyo. Tumengoja miongo miwili, walisema, tunaletewa tulichokwisha kula? Nawaelewa, lakini walihukumu mapema. Albamu ina nyimbo tisa, na wasikilizaji wengi wametambua kwamba zinakwenda tatu tatu. Tatu za kwanza ni magitaa ya zamani. Tatu za katikati zinapunguza magitaa: katika "is this and yes" kinanda kinazunguka peke yake na sauti ya Butcher inaelea juu yake, wimbo usiofika popote na usiotaka kufika. Tatu za mwisho ndizo mpya kabisa, na ndizo zilizowatia watu wasiwasi.

"nothing is" unarudia kipande kimoja cha gitaa na ngoma kwa zaidi ya dakika tatu, hakuna mwimbaji, hakuna kiitikio. Mara ya kwanza unangoja kibadilike. Baadaye unagundua kwamba kinachobadilika ni sikio lako: linaacha kutafuta, linaanza kusikia vitu vidogo ndani ya pigo, jinsi ukali unavyojikusanya. Kisha unakuja "wonder 2". Ngoma zinakimbia kwa kasi ya muziki wa dansi wa London wa miaka ya tisini, na juu yake kila kitu kinavumishwa kwa mzunguko wa sauti unaofanana na ndege inayopita chini mno. Gitaa limo ndani, linateleza vilevile, ila sasa limetupwa katikati ya upepo. Wasikilizaji wengine waliuita vurugu. Kwangu ndio wimbo bora wa albamu nzima, na ule ambao usingeweza kutengenezwa 1991, kwa sababu unamweka yule fundi mahali ambapo ujuzi wake haumsaidii kirahisi. Ameuchukua mkono aliouzoea na kuupeleka kusiko na ardhi imara.

Kuna jambo moja ambalo waliopakua faili usiku ule hawakulipata mpaka santuri zao zilipofika kwa posta. Shields alirekodi albamu hii kwenye mkanda wa sumaku, na toleo la santuri likachongwa kutoka mkanda huo bila kupita kwenye kompyuta. Huhitaji kuwa na masikio ya popo kuitambua tofauti. Katika "who sees you" gitaa la faili hukaa mbele yako kama ukuta mmoja. La santuri lina kina, na ukitulia unaweza kuufuata mkono wake ukishuka na kupanda ndani ya kelele, pigo kwa pigo, ukisikia pale alipokisukuma kijiti zaidi kidogo kabla ya kubadilisha kodi. Katika mwaka 2013, alipoweza kumaliza kazi kwa kompyuta kwa theluthi ya taabu hiyo, alitaka hilo moja lisipotee.