Fundi Anayeshika Bisibisi Kwanza

Mwenye steshenari akimwambia fundi kwamba matundu ya USB hayamtoshi, yaani printa, skana, kibodi, mausi, modemu, na bado wateja wamepanga foleni na flashi zao, mafundi wengi hunyoosha mkono rafuni. Chukua habu hii, tundu moja linazaa manne, lete hela. Habu ina kazi yake, sikatai. Lakini isiyo na umeme wake hugawana miliampia 500 za tundu lile lile moja la USB 2.0. Kibodi na mausi hushiba. Ikifika diski ya nje, hoi.

Fundi ninayemsifu hufungua kasha kwanza. Anajua mazabodi nyingi zina safu ya pini tisa, pa kumi pakiachwa tupu ili plagi isigeuzwe, na kila safu ni matundu mawili ya USB 2.0 yaliyolala humo tangu kiwandani. Waya na bati la nyuma vinatosha kuyatoa nje. Ila asome maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ubao, kwani baadhi ya mazabodi za zamani zina safu ya FireWire inayofanana nayo kama pacha, nayo hubeba volti 12 mahali pa 5. Hapo flashi ya mtu, pamoja na tasnifu yake, huungua papo hapo.

Pini zikiisha, ndipo kadi ya kuongeza matundu itafutwe, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. USB 3.0 ilipokuja mwaka 2008 iliahidi gigabiti 5 kwa sekunde. Lakini nafasi fupi ya PCI Express ya kizazi cha kwanza hupitisha megabaiti 250 tu kwa sekunde, kama nusu ya mzigo wa tundu moja la namna hiyo. Kadi ya matundu manne ya USB 3.0, yale ya buluu, kwenye mashine kuukuu itafanya kazi, ila kwa mwendo wa mashine. Fundi mwaminifu husema hayo kabla ya kupokea pesa.

Kisha umeme. PCI Express haileti volti 5. Huleta 12 na 3.3. Matundu manne, kila moja likidai miliampia 900, ni wati 18. Ndiyo maana kadi nzuri huwa na soketi ya waya kutoka pawa saplai, na ndiyo maana diski hutoweka katikati ya kunakili pale fundi mvivu anapoiacha soketi hiyo tupu.

Kwenye kompyuta nyembamba zilizotumika maofisini, bati refu halikai. Inabidi kuweka lile fupi. Fundi ninayemsifu akimaliza, hukaza parafujo ya bati, maana kwenye steshenari flashi huchomekwa na kuchomolewa kutwa nzima, na kadi iliyolegea huinuka kidogo kidogo mpaka mashine inaganda. Printa na skana huzihamishia nyuma. Matundu ya mbele huwaachia wateja.