Kuvumbua au Kubuni? Sanaa na Uhakiki wa Tamaa katika Bioteknolojia

1.0 Utangulizi

Mbegu ya muhogo ni kipande cha shina. Katika Mkongani, pembezoni mwa Shimba Hills huko Kwale, jirani humkatia jirani, na shamba la mmoja huendelea kuishi katika shamba la mwingine bila ya daftari wala risiti. Mnamo 2012 Kenya iliirekebisha Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea kwa namna iliyoweza kumfanya mkulima anayegawa mbegu isiyosajiliwa kuwa mhalifu. Ni mwezi Novemba 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo. Hapo ndipo linapochimbuka swali la makala haya: sanaa ina uwezo gani wa kuikosoa tamaa katika jenetiki na bioteknolojia? Hoja inayotetewa ni kwamba shabaha ya msanii haifai kuwa maabara. Shabaha ni dai la umiliki, na dai hilo hujengwa kwa lugha, ambayo ndiyo mali ghafi ya msanii mwenyewe.

2.0 Mwanya wa Kitenzi

Kitenzi 'kuvumbua' kina maana mbili: kukifichua kilichokuwapo na kukianzisha kisichokuwapo. Hataza hustawi katika mwanya ulio baina ya maana hizo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu bakteria aliyebadilishwa na binadamu apewe hataza. Ilibidi kungoja hadi 2013 kwa mahakama hiyohiyo kuamua kwamba jeni asilia haiwi uvumbuzi kwa kutengwa tu kutoka mwilini. Nchini Kenya, mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori lilidai sehemu ya faida iliyotokana na vimeng'enya vya vijidudu vya Ziwa Bogoria. Katika kila kisa, mgogoro ni kuhusu nani aliyeona na nani aliyefanya.

3.0 Nyenzo za Fasihi

Fasihi simulizi ina taswira kongwe ya tamaa. Njia mbili zilimshinda fisi: alinusa nyama huku na huku, akataka zote, akapasuka. Hata hivyo, kuihamisha taswira hiyo kama ilivyo ni kosa. Tamaa ya fisi ina tumbo, na tumbo lina kikomo. Tamaa ya hataza ina karatasi, na karatasi haivimbiwi. Mtunzi anayemwadhibu mmiliki wa jeni kwa kumpasua anamliwaza msomaji kwa haki isiyokuwapo. Ngano inahitaji mwisho mpya.

Mwisho wa namna hiyo unadokezwa na Katama Mkangi, mwandishi wa Pwani, katika Walenisi (1995). Dzombo, ambaye jina lake ni pia la kilima cha Kwale, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo kilichokusudiwa kumwangamiza angani. Anajifunza kukiendesha, naye anafika katika nchi ambayo jina lake ni kauli ya usawa: wale ni sisi. Mkangi hakilaani chombo. Ulaanifu wake unaelekezwa kwa utaratibu uliokikabidhi usukani kwa wachache. Huu ni msimamo unaofaa kuazimwa na anayeandika juu ya jeni. K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), anafuata njia tofauti. Kichwa cha riwaya kinalikata neno 'binadamu' na kuifichua nasaba iliyomo: mwana wa Adamu ni mrithi kabla ya kuwa mmiliki.

4.0 Hatari ya Sanaa ya Vitisho

Kinyume cha kazi hizo ni sanaa inayoichora bioteknolojia kama jinamizi. Udhaifu wake si wa kifani pekee. Mwaka 2021 Kenya iliruhusu muhogo uliobadilishwa jeni ili ustahimili michirizi ya kahawia uingie katika majaribio ya kitaifa mashambani. Utafiti wake ulishirikisha taasisi ya umma. Mkulima wa Mkongani ambaye mizizi ya mihogo yake imeoza ardhini hasaidiwi na shairi linalomtisha. Anahitaji shairi litakalouliza: shina hili likishamea, je, ataruhusiwa kumkatia jirani? Sanaa isiyouliza hivyo humwachia mlafi upenyo, kwani yeye huweza kuijibu hofu kwa takwimu za usalama, na suala la umiliki likabaki bila kuguswa.

5.0 Hitimisho

Mwandishi ana sifa ya pekee ya kulihukumu jambo hili. Kazi yake huitwa ya kubuni, na sheria humpa hakimiliki ya riwaya yake. Lakini hakuna mtunzi aliyewahi kudai kwamba, kwa kuwa ameandika riwaya, maneno ya Kiswahili ni yake na wengine wayakodi. Anaujua mpaka kati ya alichokipokea na alichokiongeza. Uhakiki wa tamaa katika bioteknolojia utapata makali pale wasanii watakapomdai mwenye hataza auheshimu mpaka huohuo. Muhogo, kama neno, ulikuwa umeshapita katika mikono mingi kabla ya kufika maabara.