Wakata Majani wa Simi-Simi

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege tano aina ya C-130 zilipita chinichini juu ya Stanleyville na kumwaga askari 320 wa miavuli kutoka Ubelgiji. Waliangukia uwanja wa gofu, pale kando ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Habari za siku ile zimesimuliwa sana: mateka wa kigeni mjini, waasi wa Simba waliokuwa wameushika mji tangu Agosti, mapipa yaliyowekwa kwenye njia ya kurukia ili ndege zisitue, na Wakongo kwa maelfu waliopoteza maisha katika miezi ile. Mimi akili yangu hunasa kwenye jambo ambalo wasimulizi hulipita mbio. Katika bonde la Kongo, msituni, palitoka wapi uwanda mpana hivyo, usio na kisiki wala kichuguu, ambao mtu anaweza kuuangukia kutoka angani na miguu yake ikabaki mizima?

Ulitoka mikononi mwa watu. Waliocheza gofu pale wakati wa ukoloni walikuwa Wazungu. Waliokata majani walikuwa Wakongo. Klabu ya gofu imekwisha, na leo Mkongo anayetaka gofu huifuata Kinshasa au Lubumbashi. Lakini ile kazi ya kuufanya msitu urudi nyuma na kuulazimisha ukae huko ndiyo ninayoiona kuwa habari yenyewe ya uwanja ule, kuliko mchezo uliochezwa juu yake.

Fikiria mahali penyewe. Kisangani, ndiyo Stanleyville ya zamani, iko karibu nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,600 za mvua, na hata Januari na Februari, miezi tunayoiita ya jua, mvua haikatiki kabisa. Scotland, gofu ilikozaliwa, baridi huyalaza majani miezi mizima na mkataji akapumzika. Huku kwetu Tshopo, mkoa wa Kisangani, hakuna baridi ya kumsaidia mtu. Majani huota Krismasi kama yanavyoota Juni. Ukiyaacha, matete yatampita mtu kimo, kisha utaona mti wa kombokombo umeinua majani yake mapana kama miavuli, na hapo umekwisha kupoteza uwanja: kinachotakiwa tena ni shoka.

Kwa hiyo mkataji wa huku hashindani na majani marefu. Akingoja yawe marefu ameshashindwa. Ufundi wake ni wa kurudi kwa wakati. Jani la nyasi hukua kutokea chini, karibu na udongo, siyo kwenye ncha. Ndiyo maana ng'ombe hulila na likaota tena. Likipunguzwa theluthi ya urefu wake, haliumii. Likinyolewa zaidi ya hapo kwa mara moja, mizizi huishiwa nguvu, udongo huachwa wazi, na magugu huingia kwenye ule uwazi. Lakini likikatwa chini kidogo kidogo, mara kwa mara, ukoka huacha kupanda juu na kuanza kutambaa. Hutoa vikonyo vya pembeni, vikonyo hushika mizizi, na baada ya miezi michache unakanyaga zulia. Zulia hilo halikutandikwa na mtu. Limelazimishwa kutokea, kwa subira.

Chombo cha kazi hii kwetu ni kupekupe, ambacho Watanzania wangekiita fyekeo: bamba jembamba la chuma, ncha imekunjwa, mpini wa mti. Asiyekijua hukipiga kwa nguvu za bega na kuchoka kabla jua halijapanda. Anayekijua hukirusha kwa kiuno na kifundo cha mkono, na ile sehemu iliyokunjwa hupita sambamba na ardhi, kwa kimo kilekile kwenda na kurudi. Huanza mapema, umande ukingali, kwa sababu jani lenye maji husimama imara na kukatika. Likishanyauka kwa jua hulala mbele ya chuma na kuinuka chuma kikipita. Watu wakiwa wengi hujipanga kwa mshazari, kila mmoja nyuma kidogo ya mwenzake, ili kupekupe la mtu lisikutane na mguu wa jirani. Na mfukoni au kiunoni pana tupa. Mkataji mzuri husimama kunoa kabla ya kuhitaji kunoa. Msimamizi asiyejua kazi humwona mvivu. Hajui kwamba dakika zile ndizo zinazookoa mgongo wa mtu.

Ukoka, ambao sisi huupita bila kuutazama, umefika mbali. Katika mji mdogo wa Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, mtaalamu wa mimea Glenn Burton aliuzalisha na nyasi wa jamii yake kutoka Afrika Kusini, akapata aina laini iliyotolewa mwaka 1956 kwa jina la Tifgreen, na nyingine, Tifway, mwaka 1960. Viwanja vya gofu vya nchi za joto vimeegemea sana uzao huo. Machotara hao hawatoi mbegu ya kuotesha. Hupandwa kwa vipande vya vikonyo, jinsi ileile ambavyo mama yeyote wa Kisangani hutandaza ukoka uani pake. Jambo hili hunipa furaha kila nikilikumbuka.

Stanleyville ilipata jina la Kisangani mwaka 1966, na baadaye ndege kubwa zilihamia Bangboka, kilomita 17 mashariki ya mji. Njia ya ndege ya Bangboka ina urefu wa mita 3,500. Majani kando yake hayawezi kuachwa, kwani rubani lazima azione taa na alama, na majani marefu huficha wanyama. Mashine husaidia inapokuwa na mafuta na vipuri. Barabarani kuelekea mjini, kazi bado ni ya kupekupe, kama ilivyokuwa kwa makantonie, watunza barabara wa zamani, na kama ilivyokuwa kwenye salongo, zile kazi za umma za enzi ya Mobutu, ambazo watu walizichukia kwa kulazimishwa ingawa ufundi wenyewe waliujua vizuri sana.

Ukitaka kumpima mkataji, usihesabu eneo alilomaliza. Rudi kesho yake, uiname. Chuma butu hurarua ncha ya jani, na ncha iliyoraruka itakuwa imegeuka rangi ya majani makavu; ukiinua kichwa uwanja mzima unaonekana umechoka. Chuma kilichonolewa huacha mkato mnyoofu, na siku ya pili ncha bado ni kijani.