Tozo, Ushuru na Kitambulishi: Uhakiki wa Maneno ya Barabara za Kulipia

Utangulizi

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri na watumishi wa umma wamejikuta wakidaiwa maneno katika nyanja ambazo hapo awali zilijitosheleza kwa Kiingereza. Mojawapo ya nyanja hizo ni barabara za kulipia. Kwetu Daraja la Nyerere la Kigamboni limekuwa likilipiwa tangu lilipofunguliwa mwaka 2016. Nchini Uganda magari yalianza kulipia barabara ya Kampala hadi Entebbe mwezi Januari 2022. Nchini Kenya barabara iitwayo Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kupokea magari mwezi Mei mwaka huohuo. Tena mpango wa barabara ya kulipia ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro umekuwa mezani kwa miaka mingi. Ni dhahiri kwamba maneno ya jambo hili yatahitajika katika kanuni, mikataba na vibao vya barabarani.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno hayo mahali yanapofanya kazi ngumu zaidi, yaani mpakani. Tumechagua wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara. Dereva wa Mugumu anayempeleka abiria kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi hupita Nyamongo na Tarime, huvuka mpaka kati ya Sirari na Isebania, huendelea kwa Migori, Kisii na Narok, kisha huingia Nairobi kwa upande wa Westlands. Hapo ndipo anapokutana na barabara inayotambua magari kwa kifaa kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele. Lugha aliyotoka nayo nyumbani ni hiyohiyo anayoikuta huko, lakini maneno ya fedha hayana maana ileile.

Hoja yetu ni moja. Istilahi ya malipo haina budi kumweleza anayelipa analipia nini, na fedha yake inakuwa ya nani baada ya kuitoa mfukoni. Istilahi isiyoeleza hayo humwacha mwananchi mikononi mwa kishoka.

Ili kuupa uhakiki wetu kitu cha kushika, tumetunga sentensi ifuatayo, ambayo kila neno lake husikika katika mazungumzo ya madereva na ya baadhi ya maofisa: "Mwenye gari la kigeni sharti anunue stika ya ushuru wa barabara kabla ya kupita." Tuitazame neno kwa neno.

1. Gari la kigeni

Karibu magari yote yanayotembea Mugumu na Tarime yametengenezwa nje, mengi yao Japani. Kwa maana ya kawaida ya maneno, yote ni magari ya kigeni. Sheria haikusudii hivyo. Sheria hutazama mahali gari liliposajiliwa, wala si mahali lilipoundwa wala asili ya anayeliendesha.

Tofauti hii ina uzito wa pekee katika Tarime. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka. Mtu wa Sirari aendaye kwenye arusi Isebania hafiki huko kama mgeni, maana anapokewa na shangazi na wajomba. Lakini gari lake, lenye namba inayoanza na herufi T, ni geni tangu linapovuka kizuizi. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Katika jambo hili kuku mweupe ni gari, si mtu. Hali kadhalika, gari lenye namba ya Kenya linalokuja Mugumu kwa mazishi linahitaji kibali cha kuingia kwa muda, ingawa dereva wake anawasalimu wenyeji kwa lugha ya mama yao.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Nchini Ureno, ambako malipo ya barabara kwa kifaa yalianza mwaka 1991, uliwekwa baadaye utaratibu wa mpakani ambao dereva wa gari lililosajiliwa nje huunganisha namba ya gari lake na kadi yake ya benki, na mitambo ya barabarani ikamtoza kwa kuisoma namba hiyo. Hapo pia kinachotazamwa ni usajili. Kwa hiyo badala ya "gari la kigeni" twapendekeza "gari lililosajiliwa nje ya nchi". Ni refu, lakini halina njia mbili.

2. Ushuru

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa. Neno "ushuru" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi ya mali. Nchini Tanzania limebaki na maana ya malipo ya lazima juu ya bidhaa au biashara fulani: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ushuru wa mazao, ushuru wa soko. Malipo ya jumla huitwa "kodi", na chombo kinachoyakusanya huitwa Mamlaka ya Mapato. Nchini Kenya "ushuru" ndilo jina la malipo yote ya lazima kwa serikali. Wito wa mamlaka yao ya mapato husema "Tulipe Ushuru, Tujitegemee". Mara nyingi Mkenya wa kawaida asikiapo "kodi" hufikiri kwanza kodi ya nyumba.

Basi mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili huhudumia watu katika kituo cha pamoja, neno moja linaweza kutamkwa katika madirisha mawili likimaanisha vitu viwili. Tukiongeza "ushuru wa barabara" tunazidisha utata, kwa kuwa Mtanzania anao ushuru huo tayari. Sheria inayohusika, Sura ya 220, hutajwa katika hotuba za bajeti kuwa Sheria ya Ushuru wa Barabara na Mafuta, na malipo yake yamo ndani ya bei ya kila lita. Isitoshe, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017, ushuru wa bidhaa kwenye mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa lita. Dereva wa Mugumu akiambiwa Nairobi alipe "ushuru wa barabara", atajibu kwa haki kwamba ushuru huo hulipwa kwenye mafuta, na kwamba mafuta amekwisha kuyanunua njiani. Asipoeleweshwa ataamini anaombwa chai.

Neno linalofaa ni "tozo". Limeundwa kwa kanuni za lugha yetu wenyewe: kutoa, kutoza, tozo. Tunajua pingamizi litakalotolewa. Mwezi Julai 2021 ilianza nchini Tanzania tozo ya miamala ya simu, ikalalamikiwa sana, ikapunguzwa mara kadhaa, na tozo ya kutuma fedha ikaondolewa mwaka 2023. Tangu hapo watu wengi wakisikia "tozo" hukunja uso. Kwa maoni yetu kosa halikuwa la neno. Malipo yale yalielekezwa kwenye shughuli za umma kwa jumla, kama vile madarasa na vituo vya afya. Kwa tabia yake yalikuwa karibu zaidi na kodi.

Tunapendekeza kipimo chepesi ambacho hata mwalimu wa shule ya msingi anaweza kukifundisha. Ikiwa malipo yanatokana na kutumia kitu fulani, na asiyekitumia halipi, hiyo ni tozo. Ikiwa malipo yanamfuata mtu, mapato yake au bidhaa yake bila kujali ametumia nini, hiyo ni kodi au ushuru. Barabara ya Nairobi inatimiza kipimo hiki vizuri, kwani sehemu yake imejengwa juu ya nguzo, na chini au kando yake barabara ya zamani ingalipo, haina malipo. Dereva anayesikia "ushuru" hudhani hana hiari. Anayesikia "tozo ya barabara ya juu" huweza kuuliza: je, ya chini ipo? Swali hilo ni haki yake, na neno lililokosewa humnyang'anya.

3. Stika

Kifaa chenyewe hukaa kwenye kioo cha mbele. Gari likikaribia kizuizi, mtambo wa kando ya njia huwasiliana nacho kwa mawimbi ya redio, husoma namba yake, hukata kiasi kinachotakiwa katika akaunti ya mwenye gari, na kizuizi huinuka. Wengi hukiita "stika" kwa sababu ya mahali kinapokaa. Lakini kioo cha gari la Tanzania kimekwisha kuzoea stika nyingine: ya ukaguzi wa usalama barabarani, na hapo zamani ya bima na ya leseni ya mwaka. Stika hizo zote husomwa kwa jicho la askari, nazo ni ushahidi wa malipo yaliyokwisha. Kifaa hiki husomwa na mtambo, nacho ni mlango wa malipo yatakayofanyika. Anayekichukua kwa mfano wa stika ya zamani ataamini amekwisha kulipa, naye atashangaa kizuizi kikigoma kwa sababu akaunti haina kitu.

Wengine husema "kadi". Neno hili ni hatari zaidi. Nchini Tanzania "kadi ya gari" ni hati ya usajili, ile ambayo Wakenya huiita logibuku. Tena dereva avukaye mpaka anaweza kuulizwa Kadi ya Njano, ambayo ni bima ya gari kwa nchi jirani. Na dirisha la afya linaweza kumwuliza kadi nyingine, nayo ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Vitu hivi vimeitwa kwa umbo na rangi yake, na matokeo yake ni mtu kutoa bima mbele ya mganga. Neno "kadi" liachwe kwa kile kilicho kadi kwelikweli: barabara ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2022 iliwapa madereva njia tatu, yaani kifaa cha kwenye kioo, kadi ya kugusisha kibandani, na fedha taslimu.

Sisi twapendekeza "kitambulishi cha tozo" kwa kifaa kilicho garini, na "kitambuzi" kwa mtambo ulio barabarani. Kinachotambulisha ni cha gari. Kinachotambua ni cha barabara. Pengine itasemwa kwamba "kitambulishi" kinakaribiana mno na "kitambulisho". Ni kweli, na ndiyo sababu tunasisitiza lisitumike peke yake bila "cha tozo". Katika mazungumzo ya kijiweni watu wakisema "tagi", wasikatazwe. Lugha ya kijiwe ina haki zake. Hati ya serikali ndiyo isiyoruhusiwa kubahatisha.

4. Kununua, sharti, kupita

Kitenzi "kununua" kinaficha jambo linalomhusu mgeni kuliko mwenyeji. Dereva atakayepita mara moja kisha arudi Mugumu anahitaji kujua mambo matatu. Je, kifaa kinakuwa mali yake? Je, kuna fedha atakayorudishiwa akikirejesha? Je, salio lisilotumika linabaki la nani? Lugha yetu ina maneno ya kutenganisha hayo, wala hayahitaji kuundwa: bei ya kifaa, amana, na salio. Hati inayosema "nunua" kwa yote matatu inampa kishoka nafasi ya kujibu anavyotaka.

Upo mfano mwema nyumbani. Jina LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, lilieleza utaratibu mzima kwa maneno manne, nalo likaenea hadi kwa bibi asiyesoma. Halikutaja umbo la mita wala rangi yake, bali lilitaja uhusiano kati ya fedha na matumizi. Huo ndio mwendo tunaotaka ufuatwe.

Na neno "sharti"? Si kweli. Palipo na njia ya fedha taslimu na barabara ya chini, hapana sharti la kifaa. Mfasiri aliyeandika "sharti" pasipo sharti amekwisha kutunga sheria.

5. Mapendekezo

Tozo ya barabara: malipo ya kutumia barabara maalumu, ambayo asiyeitumia halipi.

Kitambulishi cha tozo: kifaa cha garini kinacholijulisha gari kwa mtambo wa barabarani.

Kitambuzi: mtambo wa barabarani unaosoma kitambulishi.

Amana ya kitambulishi: fedha inayorudishwa kifaa kikirejeshwa.

Salio: fedha iliyo katika akaunti ya mwenye gari, ambayo ni yake hadi itakapokatwa.

Sentensi yetu ya majaribio sasa yaweza kuandikwa hivi: "Dereva wa gari lililosajiliwa nje ya nchi anayetaka kutumia barabara hii atalipa tozo kwa fedha taslimu, kwa kadi, au kwa kitambulishi cha tozo chenye salio la kutosha." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Lakini aliyeisoma kule Sirari anaweza kufika Westlands bila kumwuliza mtu asiye na sare.

Hitimisho

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma, hasa walio Tarime, Serengeti na katika vituo vingine vya mpakani, wayapime mapendekezo haya dirishani na darasani. Neno lisilokubalika kwa dereva liletwe tulijadili upya. Vilevile ingefaa maneno haya yajadiliwe pamoja na ndugu zetu wa Kenya na Uganda kabla kila nchi haijachapa vibao vyake, maana kibao kikishasimikwa huwa kigumu kuking'oa kuliko neno katika rasimu.