Kazi ya Mtaalamu wa Kuvu

Paul Hennings (1841–1908), Mjerumani wa makumbusho ya mimea ya Berlin, alitumia maisha yake kuzichunguza na kuzipa majina kuvu, zikiwemo za Afrika Mashariki. Kazi hiyo huanzia mbali na maktaba. Katika misitu ya milima ya Rwenzori, ambako msafiri Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya mimea mwaka 1891, mvua ni nyingi, na uyoga uliochumwa asubuhi huweza kuoza kabla ya kesho yake. Rangi na harufu lazima ziandikwe papo hapo, kwani zikipotea hazirudi. Kisha uyoga hukaushwa kwa joto la polepole, likizidi, umeungua. Wapagazi, Wakonzo wenyeji wenye kuzijua njia, ndio washushao mizigo, na majina yao ni nadra kuandikwa. Mizigo ikishafika makumbusho, mtaalamu hukaa mezani na kupima chembe za uzazi kwa sehemu za elfu za milimita, saa baada ya saa. Na kazi hiyo ina faida: mkulima wa Bwera, chini ya milima hiyo, aonaye unga wa rangi ya chungwa chini ya jani la kahawa huambiwa ni kutu ya majani, kwa kuwa wataalamu wa namna hiyo waliieleza kuvu yake, Hemileia vastatrix, tangu 1869.