Nyuzi Mbili za Abdurehim Heyit

Kwa Wauighur mforosadi ni mti wa kazi nyingi. Majani yake hulishwa viwavi wa hariri, na mbao zake hutengenezewa ala ya muziki iitwayo dutar. Zamani nyuzi za dutar zilikuwa za hariri (siku hizi nyingi ni za nailoni), kwa hiyo mti uleule ulitoa tumbo la ala na ukawalisha wadudu waliotoa nyuzi zake. Fundi wa Kashgar, kusini mwa Xinjiang, eneo la Wauighur magharibi mwa Uchina, hukata vipande vyembamba vya mbao, akavipinda kwa joto kimoja baada ya kingine, kisha akavigandisha ubavu kwa ubavu mpaka lipatikane tumbo la mviringo lililochongoka kuelekea shingoni. Usoni huweka ubao mwembamba. Shingo ni ndefu, maana ala nzima hupita mita moja, na juu yake hupachikwa vipande vidogo vya mfupa na pembe, vyeupe kwa vyeusi, kazi ya macho makali na subira. Baada ya jasho lote hilo, anafunga nyuzi mbili tu.

Aliyezoea udi wa taarab, wenye nyuzi zake 11 hivi, atajiuliza nyuzi mbili zitamfikisha wapi mwanamuziki. Jibu aliangalie kwenye mkono wa kulia. Mpiga udi hushika risha. Mpiga dutar hashiki kitu. Vidole vyake hushuka na kupanda juu ya nyuzi, mara vyote kwa pamoja, mara vikifuatana upesi kimoja nyuma ya kingine, na kifundo cha mkono kimelegea kabisa. Mdundo wote unatoka hapo, ngoma haihitajiki. Mkono wa kushoto nao una lake: kidole gumba hakikai nyuma ya shingo kikiegemea, bali nacho hubana uzi. Uzi mmoja unabeba wimbo, mwingine mara nyingi unashikilia sauti ya chini. Sauti yenyewe si kubwa. Ni ala ya ndani ya nyumba, na wanawake wamekuwa wakiipiga majumbani tangu zamani.

Walioitoa sebuleni na kuipeleka ukumbini ni watu kama Abdurehim Heyit. Alisomea muziki Beijing, akapiga katika vikundi vya sanaa vya serikali, akawa bingwa ambaye kila Muighur alimjua. Anavyopiga, huwezi kutenganisha uimbaji na vidole. Anatamka neno kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, mkono unalijibu, halafu ananyamaza na kuziacha nyuzi zimalizie. Mimi hupenda zaidi hapo anaponyamaza.

Alikamatwa mwaka 2017. Miaka hiyo ndiyo Wauighur na Waislamu wengine wa Xinjiang walikuwa wakipelekwa kwa wingi kwenye kambi ambazo Uchina inaziita vituo vya mafunzo ya ufundi. Inasemekana kilichomponza ni wimbo mmoja, unaowataja mashahidi wa vita. Tarehe 9 Februari 2019 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uturuki ilitangaza kwamba amefia kizuizini, akiwa amehukumiwa miaka minane kwa sababu ya wimbo wake. Siku iliyofuata, idhaa ya Kituruki ya redio ya serikali ya Uchina ikatoa video fupi: Heyit yu hai, anataja tarehe, anasema anachunguzwa na hajateswa. Hakukuwa na dutar.

Video hiyo ilikusudiwa kuufunga mjadala, ikaufungua upya. Wauighur walio ughaibuni walihoji: ikiwa mnaweza kumwonyesha huyu kwa siku moja, tuonyesheni na baba zetu, dada zetu, watoto wetu. Kampeni iliyoanzishwa na Muighur aishiye Finland ikaenea mitandaoni, watu wakiwa wameshika picha za ndugu zao. Idadi ya waliofungwa, inayokadiriwa kupita milioni moja, ilikuwa imeshatangazwa mara nyingi, na wengi waliisikia ikawapita. Heyit hakuwapita, kwa sababu walikuwa na mkono wake masikioni.

Kinachokera ni kwamba kwenye karatasi sanaa hii imeheshimiwa. UNESCO iliutangaza muqam wa Wauighur, mifuatano mirefu ya nyimbo na muziki wa jadi, kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Muqam 12, zikiimbwa zote mfululizo, huchukua takriban saa 24. Tumebaki nazo kwa sehemu kubwa kwa sababu mzee Turdi Akhun alikuwa nazo kichwani, akarekodiwa Urumqi, mji mkuu wa Xinjiang, katika miaka ya 1950. Mwaka 2010 UNESCO ikaiweka meshrep, mikusanyiko ya jamii yenye muziki, mizaha na maonyo, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Lakini meshrep za vijana wa Ghulja, mji wa kaskazini mwa Xinjiang, waliokuwa wakipambana na ulevi na dawa za kulevya, zilikuwa zimepigwa marufuku tangu mwaka 1995. Kwa watalii ngoma inachezwa jukwaani hadi leo. Rahile Dawut, mwanazuoni aliyezunguka vijijini kuandika habari za makaburi ya mawalii na hadithi zake, alitoweka Desemba 2017. Mwaka 2023 ilithibitishwa kwamba amefungwa maisha. Nchi inayopenda utamaduni wa watu haiwafungi wanaoujua.

Sanubar Tursun, mwimbaji na mpiga dutar kutoka Ghulja, alikuwa apande majukwaa ya Ufaransa Februari 2019, maonyesho yakafutwa baada ya habari kwamba ameshikiliwa. Mkono wake unasikika vizuri katika albamu ya Borderlands ya mwaka 2012, alipopiga na Wu Man, bingwa wa ala ya Kichina ya pipa. Ni mkono mpole kuliko wa Heyit, haugongi, unapapasa. Ukiwasikiliza wote wawili usiku mmoja, nyuzi mbili hazionekani chache tena.

Katika jiji la London yupo Rahima Mahmut, mwimbaji mzaliwa wa Ghulja. Mapema mwaka 2017 kaka yake alimwomba kwa simu awaache mikononi mwa Mungu, na baada ya hapo mawasiliano yakakatika. Yeye huimba nyimbo za kwao kwenye kumbi za Uingereza, na sauti hiyohiyo ndiyo inayofasiri ushahidi wa waliotoka kambini. Nyingi ni za mapenzi, za safari, za kumkumbuka mama. Nadhani hazihitaji kutaja kambi wala kuongezewa beti za siasa. Mtu aliyekuja kusikiliza muziki atauliza mwenyewe kwa nini mwimbaji huyu hawezi kumpigia kaka yake simu.