Kwa Heshima ya Mtunga Kamusi

Mshairi ana mashabiki, mwandishi wa riwaya ana wasomaji. Mtunga kamusi hufunguliwa, huulizwa neno moja, kisha hurudishwa rafuni. Mimi naistahi kazi yake, na ushahidi wangu ni kitenzi kimoja: kudhalilisha.

Kitenzi hiki kina majirani: aibu, fedheha, izara, kutweza. Katika mazungumzo ya haraka tunayachanganya. Mtunga kamusi huyapima moja moja, kama sonara mbele ya mizani. Aibu yaweza kumshika mtu akiwa peke yake chumbani, kwa jambo alilolitenda mwenyewe. Fedheha yataka macho ya watu. Udhalilishaji wautaka mkono wa mtu mwingine.

Dhalili, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, laeleza hali tu. Mja hujiita dhalili mbele ya Mola wake kwa hiari, na heshima yake haipungui. Lakini Kiswahili kililipa kauli ya kutendesha, na papo hapo mtenda akajitokeza. Hakuna aliyedhalilishwa pasipo aliyedhalilisha. Ndiyo maana kamusi zetu huorodhesha minyambuliko ya vitenzi: silabi moja yaweza kuhamisha lawama yote.

Tofauti hiyo ina uzito katika sheria na majumbani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku adhabu zinazomtweza mtu au kumdhalilisha. Zanzibar nako, ubakaji, vipigo vya wanawake na ukatili dhidi ya watoto huitwa kwa pamoja vitendo vya udhalilishaji. Adui mkubwa wa kesi hizo ni muhali: mtuhumiwa ni ami, au ni jirani wa miaka mingi, basi yamalizwe nyumbani, mtoto asitiriwe. Anayesema mtoto kaaibika amemtwika mtoto mzigo usio wake. Anayesema kadhalilishwa hana budi kujibu swali linalofuata: na nani?

Swali hilo tumerahisishiwa na watu waliokaa mezani miaka mingi wakitenga maana na maana, na wengi wetu hatuyajui majina yao. Basi tuwalipe kwa kuitumia kazi yao. Mwandishi wa habari, mwalimu, shahidi: ifungue kamusi kabla hujaandika, na aibu uiandike kwa jina la aliyetenda.